Macho yasiyouma ndiyo ya kuogopwa

Katika nyumba nyingi za Miritini, jua linapopoa, sauti moja husikika kutoka barazani: "Mjukuu wangu, hebu nitilie uzi kwenye sindano." Mtoto huja mbio, hutia uzi, kisha hurudi mchezoni. Hakuna anayejiuliza ni kwa nini nyanya, aliyekuwa akidarizi kofia kwa mwanga wa kandili, leo haoni tundu la sindano mchana kweupe. Husemwa tu kwamba ni uzee, na mambo yakaishia hapo.

Hebu sasa linganisha na yale yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 2024. Ugonjwa wa macho mekundu ulipozuka Mombasa na sehemu nyingine za Pwani, hakuna aliyenyamaza. Watu waliamka kope zimegandamana kwa tongotongo, macho yakiwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao walipatwa na mlipuko kama huo mwezi wa Januari. Kila mtu alitafuta dawa, hata wakuu wa afya wakalazimika kuwaonya wananchi wasijitibu ovyo.

Ajabu ni kwamba macho mekundu yanayoletwa na virusi, pamoja na adha yake yote, kwa kawaida hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili. Magonjwa yanayowapofusha watu wengi zaidi hayawashi, hayatoi tongotongo wala hayaumi. Huingia kama mwizi, na mwenye nyumba hugundua asubuhi kwamba hana kitu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 ulimwenguni wana upungufu wa kuona. Kati yao, angalau bilioni moja wangeweza kukingwa, au hawajapata msaada unaojulikana na uliopo.

Tuanze na hayo macho mekundu, kwa kuwa ndiyo yanayotupeleka dukani. Ugonjwa huu huenea kwa mikono, taulo, mito ya kulalia na leso. Kinga yake ni sabuni na maji, kila mtu kuwa na taulo yake, na mgonjwa kujizuia kupeana mikono na kujisugua macho. Tahadhari kubwa ni juu ya dawa. Kuna matone yenye dawa za aina ya steroidi ambayo huondoa wekundu upesi, na mtu akadhani amepona. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila daktari, huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani na dawa za mitishamba huweza kuingiza vijidudu na kuacha kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho. Ikiwa jicho jekundu linauma sana, linaogopa mwanga au limepungukiwa na uoni, hilo si la kungoja. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa nyanya na sindano yake. Huenda shida yake ni ndogo kabisa. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake na mtu hulazimika kusogeza gazeti mbali ndipo asome. Hapo dawa ni miwani. Lakini ikiwa anaona kama aliyefunikwa na ukungu, na taa za magari usiku zinamchoma macho, yaelekea ana mtoto wa jicho.

Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu duniani. Ile lenzi iliyoko nyuma ya mboni, ambayo inapaswa kuwa angavu kama kioo, huwa na utusitusi na kuzuia mwanga. Hakuna matone wala kidonge cha kuisafisha. Tiba ni upasuaji: daktari huganzisha jicho, huondoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia. Mara nyingi kazi hiyo huchukua chini ya saa moja na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Lenzi ya bandia iliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949 mjini London na daktari Harold Ridley. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyowaingia marubani machoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia havikuleta madhara makubwa kama ilivyotarajiwa.

Wazee wengi huogopa upasuaji huu kwa kusikia kwamba jicho hutolewa nje, likaoshwa, kisha likarudishwa. Si kweli, jicho halitoki mahali pake. Wengine huambiwa wangoje mtoto wa jicho "aive". Siku hizi hakuna haja ya kungoja. Anayeshindwa kufanya shughuli zake kwa ajili ya ukungu huo anaweza kutibiwa.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa kinachopotea hakirudi. Huu ni glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Mara nyingi maji yaliyo ndani ya jicho hushindwa kutoka sawasawa, presha hupanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo. Mtu hupoteza kwanza uoni wa pembeni. Hugonga miimo ya milango, hujikwaa kwenye ngazi, na akivuka barabara kuu pale Miritini haioni bodaboda inayotokea ubavuni. Lakini akitazama mbele huona vizuri, kwa hiyo hana habari. Watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa zaidi na glakoma, tena mapema zaidi. Ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja anao, hatari huongezeka. Matone ya kila siku au upasuaji huweza kuuzuia usiendelee, lakini hauwezi kurudisha kilichokwisha kufa. Ndiyo sababu kila aliyefikia miaka 40 anashauriwa kupimwa macho hata kama haoni kasoro yoyote.

Mwenye kisukari naye asingoje dalili. Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, na mgonjwa huweza kuendelea kusoma vizuri hadi siku mishipa hiyo inapovuja. Anapaswa kuchunguzwa nyuma ya jicho kila mwaka, na kudhibiti sukari na shinikizo la damu.

Kwa watoto, mzazi ndiye mlinzi. Nchini Kenya, mtoto hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, tangu afikishe miezi sita hadi miaka mitano, na chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Surua na upungufu wa vitamini A vikikutana huweza kumpofusha mtoto. Mchicha, kunde, papai, maembe, karoti na maini si vyakula vya kitajiri. Mwanafunzi anayekaribia ubao, anayekunja uso akitazama mbali au anayeshuka ghafla masomoni asichapwe wala asiitwe mvivu kabla ya kupimwa. Huenda anahitaji miwani tu. Na ukiona weupe unaong'aa ndani ya mboni ya mtoto, pengine kwenye picha iliyopigwa kwa mwako wa kamera, mkimbize hospitali. Inawezekana kuwa ni saratani ya jicho, nayo ikiwahiwa hutibika.

Miritini pia ni mahali pa malori, makontena, vumbi na mafundi wa kuchomelea vyuma. Fundi asiyevaa kinga machoni anacheza kamari. Kipande cha chuma kikiingia jichoni, rafiki asikitoe kwa njiti ya kiberiti wala ncha ya kitambaa. Funika jicho bila kulikandamiza na uende hospitali. Asidi ya betri, chokaa au simiti ikiingia, osha papo hapo kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 15, ndipo uanze safari.

Na safari yenyewe si ndefu kama watu wanavyodhani. Anza kwenye zahanati iliyo karibu nawe, ukaelekezwe. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara, ina kliniki ya macho. Mombasa kuna pia kituo cha macho cha Lighthouse for Christ, na Kaunti ya Kwale ina kituo chake cha macho. Barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia Miritini, imewapunguzia wagonjwa usumbufu, kwani sasa wanafika pwani ya kusini bila kupanga foleni ya feri Likoni.

Leo jioni, nyanya akiomba kutiliwa uzi, mtilie. Kisha mwombe afunike jicho moja kwa kiganja, atazame mwembe wa jirani au kalenda iliyo ukutani, akueleze anachokiona. Halafu abadilishe, afunike jicho la pili. Jicho zima huficha ugonjwa wa mwenzake, na wengi hugundua siku ya jaribio kama hili kwamba kwa muda mrefu walikuwa wakiona kwa jicho moja. Akisita, au akisema kuna ukungu, usimjibu kwamba ni uzee. Mwulize kesho mwondoke saa ngapi.