Kabla Hamjachanga Pesa za Mlima, Chagueni Mlima Unaowafaa

Mambo huanza hivi. Mtu anatupa picha kwenye grupu ya WhatsApp: kilele cha Mlima Kenya, anga safi, vijana wanne wenye miwani myeusi wanacheka. Chini yake ameandika, "Nani yuko?" Dakika kumi baadaye watu kumi na wawili wameshasema wako. Kesho yake mweka hazina anaweka nambari, na pesa zinaanza kuingia. Mpaka hapo hakuna aliyeuliza nani ana pumu, nani hajatembea kilomita tano tangu amalize shule, na nani hulala vibaya akiwa na baridi.

Kwa kawaida hapa tunazungumzia PIN, ada na matapeli. Leo tunaanzia mlimani, kwa sababu pesa ikishatumwa watu hubadilika. Mtu aliyelipa akiba ya miezi mitatu hataki kusikia habari ya kurudi.

Nililiona jambo hili mwenyewe katika kambi ya Shipton's, upande wa Sirimon. Dada mmoja wa kundi letu alikuwa ameshindwa kula tangu mchana, kichwa kinamgonga, na alipojaribu kufunga kamba za viatu vidole vilikuwa vikikosea. Mwongozaji akamwambia washuke. Akajibu, "Nimelipa." Basi, neno hilo tu. Tulibishana naye karibu nusu saa, saa tisa usiku, kwenye baridi, kabla hajakubali. Walishuka mpaka Old Moses, na jioni hiyo akapiga simu akitaka kujua tumekula nini.

Kilichokosewa kilikosewa Nairobi, wiki sita kabla, tulipochagua njia kwa kuangalia picha.

Anzeni na mtu wa mwisho

Kundi hutembea kwa mwendo wa yule anayechelewa. Kwa hiyo mlima unachaguliwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya yule anayekimbia Karura kila Jumamosi. Mwekeni wazi mapema, bila kumcheka. Njia rahisi ni kila mtu amtumie kiongozi ujumbe wa faragha aseme mambo matatu: ana ugonjwa gani, mara ya mwisho alitembea masaa mangapi mfululizo, na akichoka yuko tayari kurudi au atataka kusukuma. Swali la tatu ndilo lenye maana kuliko yote, na ndilo watu hudanganya.

Kisha fanyeni mtihani wa bei nafuu. Msiende Lenana kabla hamjaenda Longonot pamoja.

Longonot ina mita 2,776 na iko karibu na Nairobi kiasi kwamba mnaenda asubuhi na kurudi jioni. Uzuri wake ni kwamba inajigawa yenyewe. Mtapanda kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, na hapo aliyetosheka anakaa, anakula chungwa lake, anawangoja. Wenye nguvu wanazunguka ukingo wote, zaidi ya kilomita saba, wakipita kilele chenyewe. Njiani hakuna maji wala kivuli cha maana, na vumbi lake utalikuta ndani ya soksi siku tatu baadaye. Mtu akimaliza mzunguko huo akiwa bado anapiga stori, huyo mna la kuzungumza naye.

Ngong inaonekana rahisi kwa sababu ni karibu, lakini ule mgongo wa vilima ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na upepo wake haujifichi. Ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo imejengwa pale. Mkienda mpaka Kona Baridi mjue mnatokea upande mwingine kabisa. Gari lazima liwe linawangoja huko, na dereva alipwe akifika huko, si mlipoanzia.

Mkiwa na wazazi au watoto wadogo, nendeni Kilimambogo, kando ya Thika. Ni mita 2,145 tu, na kuna barabara ya gari inayofika juu. Shosho anaweza kupanda na gari, vijana kwa miguu, mkakutana kileleni mkala pilau pamoja. Jina lenyewe linawaambia kuna mbogo, kwa hiyo wanaotembea ombeni askari wa wanyamapori awasindikize. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo safari inayodharauliwa kuliko zote nchini.

Na neno moja kuhusu Hell's Gate, ambayo wengi huichagua wakisema ni ya baiskeli na picha tu. Korongo lake hujaa maji ghafla, hata mvua ikiwa imenyesha mbali na mlipo. Septemba 2019 mafuriko ya aina hiyo yaliua watu saba. Askari wa lango akisema leo korongo limefungwa, limefungwa, hata kama mmelipa.

Njia tatu, makundi matatu

Sasa Mlima Kenya. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya wapanda miamba wenye kamba na ujuzi. Kundi la ofisini au la kanisa huenda Point Lenana, mita 4,985, ambayo mtu hufika kwa miguu yake. "Kwa miguu" isikudanganye. Kinachowaangusha watu wengi ni hewa nyepesi, na hiyo haijali kama wewe ni mchezaji wa raga.

Njia ya Naro Moru ndiyo ya haraka. Gari linaweza kuwapeleka karibu na Met Station, kwenye mita 3,050, na siku ya pili mko kambi ya Mackinder's, kama mita 4,200, baada ya kuvuka kinamasi ambacho msimu wa mvua kinameza viatu. Wenye haraka huipenda kwa sababu inapunguza siku za likizo na gharama za kulala. Shida ni kwamba mwili haujapewa muda. Kwa kundi la wageni wa mlima mimi nisingeichagua kupanda. Kushukia ni sawa.

Sirimon, upande wa Nanyuki, hupanda polepole na kwa kawaida ni kukavu zaidi. Mnalala Old Moses, mita 3,300, halafu Shipton's, mita 4,200. Hebu hesabu: hizo ni mita 900 kwa siku moja, ilhali ushauri wa kawaida ukishapita mita 3,000 ni kupandisha mahali pa kulala kwa mita kama 500 tu kwa siku. Kwa hiyo ongezeni usiku mmoja. Ndio, ni ada ya siku moja zaidi kwa kila mtu, na ndipo mabishano ya grupu huanzia. Usiku huo ndio sisi tuliufuta ili kupunguza mchango.

Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo nzuri kuliko zote, ina maziwa na magenge ambayo hutayaona kwingine. Ni ndefu pia, na barabara ya kutoka mjini Chogoria kwenda langoni ni mbovu mvua ikinyesha, kwa hiyo mtahitaji gari la kuvuta magurudumu yote manne. Gari hilo mgawane watu wanane, mambo ni nafuu. Mkiwa watatu, mtaumia.

Njia yoyote, nendeni Januari na Februari, au Agosti na Septemba, mvua ikiwa imepungua.

Pesa ya kushuka

Hapa ndipo mchango wenu uanze kupangwa. Kabla ya kuandika bei ya fulana zenye jina la kundi, tengeni pesa ya kushuka: gari la kumtoa mtu langoni saa yoyote, chumba cha usiku mmoja mjini, na nauli yake ya nyumbani. Iandikwe kwenye bajeti na kila mtu aione. Mtu akijua gharama ya kurudi kwake imeshalipwa, na kwamba hamtarudisha jambo hilo kwenye mkutano wa chama, "nimelipa" haitamtoka kinywani haraka.

Mwulizeni anayewapeleka: waongozaji ni wangapi? Mkiwa kumi na wawili na mwongozaji mmoja, mtu mmoja akiugua ama mnashuka wote ama mnabaki bila mwongozaji. Ulizeni pia bei inajumuisha nini: ada ya hifadhi, kambi, wapagazi, chakula, usafiri. Jibu liwe limeandikwa, pamoja na utaratibu wa kurudishiwa pesa mtu akijitoa.

Mlipeni kidogo kidogo. Sehemu ya kuhifadhi nafasi sasa, nyingine karibu na safari, iliyobaki mkishaliona gari. Jina linalotokea kwenye simu lilingane na jina la biashara mnayozungumza nayo. Till ya kampuni ya safari ikitoa jina la duka la simu, simameni. Ukipata ujumbe kwamba "nambari imebadilika, tuma kwa hii", piga simu kwa nambari ile ya zamani kwanza.

Ada ya hifadhi za KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo msibebe noti mkitegemea lango. Fungueni akaunti na mlipe mkiwa bado mjini, kwa sababu mtandao wa langoni huja na kwenda. Viwango hubadilika, angalieni siku mnayolipa. Kila Mkenya abebe kitambulisho, la sivyo anaweza kutozwa bei ya mgeni.

Jambo la mwisho ni mweka hazina. Akibeba pesa zote kwenye laini moja, halafu baridi imalize betri yake mita 4,200, kundi zima halina pesa. Alale na simu ndani ya begi la kulalia, abebe kabambe ambayo anaweza kuihamishia laini, na nusu ya pesa ya kushuka ikae kwa mtu wa pili ambaye hatapanda usiku wa kilele. Noti chache ziwepo pia kwa ajili ya bahasha za wapagazi.

Mkirudi salama bila kuigusa pesa ya kushuka, mweka hazina airudishe kwa kila mtu jioni hiyo hiyo, na ada ya kutuma itoke humo humo. Mkubaliane hivyo kabla ya kuondoka.