Sarafu au Noti: Akiba ya Fedha Kuukuu Katika Pwani ya Kilwa

Anayetaka kuweka akiba katika fedha kuukuu hujikuta mbele ya njia mbili, kukusanya sarafu au kukusanya noti. Katika pwani ya Kilwa na Lindi suala hili lina uzito wake, kwa kuwa huku sarafu za kale hutoka ardhini. Sultani Ali bin al-Hasan alitoa sarafu za shaba Kilwa katika karne ya 11, na al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alitoa za shaba na hata za dhahabu. Rai yangu ni kwamba sarafu yenye madini ya thamani ni akiba bora kuliko noti, ila sarafu ya shaba ya Kilwa, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote kuangukia mikononi mwa mkazi wa pwani hii, haifai kabisa kuwa kitega uchumi.

Udhaifu wa noti ulionekana wazi kusini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari za Kiingereza zilipofunga bahari, Wajerumani hawakuweza tena kupata fedha za kutosha kutoka kwao, hivyo tangu 1915 wakachapa noti za dharura humuhumu nchini kwa karatasi yoyote waliyoipata. Kufikia 1917 walikuwa wakitengeneza noti za porini, vipande duni vya karatasi vilivyopigwa mihuri. Oktoba mwaka huo walipigana vita vikali Mahiwa, bara ya Lindi, na mwishoni mwa Novemba wakavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Aliyebaki na noti zao alibaki na ahadi isiyo na wa kuitimiza. Lakini aliyekuwa na rupia ya Kijerumani, yenye sura ya Kaisari upande mmoja na simba na mti kama mnazi upande wa pili, alikuwa na gramu 11.66 mkononi, na zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi zilikuwa fedha halisi. Serikali ile iliondoka, lakini sonara aliendelea kuinunua. Huko Tabora mwaka 1916 ilitengenezwa hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na leo wakusanyaji wa mataifa mbalimbali huigombea.

Hayo si ya zamani tu. Kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliwapa wananchi muda wa kurudisha noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda ulipokwisha, hizo hazikuwa tena fedha halali ya malipo. Aliyezisahau sandukuni sasa anamtegemea mkusanyaji, na mkusanyaji hutaka noti isiyokunjwa, isiyo na tundu la pini wala doa. Katika joto na unyevu wa Kilwa Masoko, penye mchwa na ukungu, noti ya namna hiyo ni adimu.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kuwa zipo noti za thamani kubwa mno, kwa mfano noti ya rupia 500 ya Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, inayoweza kuishinda sarafu yoyote ya kawaida. Ni kweli. Hata hivyo thamani hiyo inategemea mnunuzi aliye mbali na mtaalamu wa kuthibitisha kuwa noti si bandia, na mtu wa Lindi hana wepesi wa kuwafikia. Wapo pia watakaosema kuwa sarafu nazo hufutwa. Hilo nalo ni kweli, maana rupia yenyewe iliondolewa katika matumizi Afrika Mashariki miaka ya mwanzo ya 1920. Kilichobaki ni madini, na ndiyo maana si kila sarafu inafaa. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 ina robo tu ya fedha. Riale ya Maria Theresa, iliyozagaa pwani yote, imeandikwa 1780 hata kama imetengenezwa juzi. Shilingi 500 yetu ya mwaka 2014 haina madini ya kumvutia sonara. Na sarafu yoyote kuukuu ikisuguliwa ing'ae, mkusanyaji huishusha bei papo hapo, basi iacheni na weusi wake.

Sarafu za Kilwa ni jambo lingine. Ni ndogo, nyembamba, kingo zake hazikulingana, na hazina mwaka wala kiasi. Upande mmoja una jina la sultani, wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina vinavyokutana. Shaba yake haina bei, na kwa kuwa zimepatikana kwa maelfu, uadimu nao hauzibebi. Thamani yake kubwa iko mahali zilipolala. Sarafu moja tu ya al-Hasan bin Sulaiman ilipofukuliwa Great Zimbabwe, ilitoa ushahidi wa moja kwa moja wa njia ya dhahabu kati ya bara na Kilwa. Linganisha na sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mchangani mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hazikufukuliwa kwa utaratibu, na mpaka leo wataalamu hawakubaliani zilifikaje huko. Songo Mnara wachimbaji walikuta zaidi ya 300 zimefukiwa pamoja ndani ya nyumba moja. Kama mtu angezitoa moja moja na kumuuzia mgeni gatini, tungebaki na vipande vya shaba tu.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: kwa nini mvuvi au mkulima wa mwani asiuze alichookota kwao? Nalihurumia swali hili, lakini bei anayopewa huliwa kwa siku chache, na faida huenda kwa dalali. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuviuza au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya UNESCO tangu 1981, na wageni wanaoyafuata huwapa kazi waongoza watalii, wenye mashua na wapishi mwaka baada ya mwaka. Serikali nayo ina deni hapa: anayekabidhi alichokiokota apewe shukrani inayoshikika, na jina lake liandikwe mahali kitakapoonyeshwa.

Kwa hiyo ukitaka kuwekeza, nunua rupia ya fedha kwa muuzaji anayejulikana na utunze risiti. Ukiokota sarafu ya Kilwa, weka alama mahali ulipoikuta, usiisafishe, kisha ipeleke ofisi ya mambo ya kale Kilwa Masoko.