Mfiwa, Kilevi na Wajibu wa Usharika

Katika sharika zetu nyingi mfiwa haachwi peke yake siku za kwanza. Vijana hulala matangani, akina mama hupika, kwaya huimba, rambirambi hukusanywa, na mchungaji huhubiri kaburini. Tanga likiisha kuanuliwa, turubai hukunjwa na kila mtu hurejea shughulini mwake. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa nini wakati huo ndio wenye hatari kubwa kwa mfiwa aliye karibu na kilevi, na yale ambayo mchungaji na usharika wapaswa kuyafanya.

Mara nyingi siku za mwanzo mfiwa huwa kama aliyepigwa ganzi. Uchungu humjia baadaye, nyumba ikiwa kimya, hasa usiku. Pombe humpa usingizi wa haraka, lakini usingizi huo hukatika kabla ya alfajiri, na huzuni humrudia ikiwa nzito zaidi. Basi hunywa tena, na kadiri mwili unavyozoea ndivyo kiasi kinavyoongezeka. Katika vijiji vya Kilimanjaro, ambako tangu jadi mbege huambatana na mikusanyiko, ikiwamo ya msiba, anayemkaribisha mfiwa kinywaji hudhani anamfariji. Hivyo faraja na kishawishi humjia katika kata moja.

Usharika humtambua mtu huyu akiisha kuanguka. Hapo huitwa mlevi, na mara nyingi hutengwa na Meza ya Bwana hadi atakapotubu. Hatukatai kwamba nidhamu ya kanisa ina mahali pake, kwa maana ulevi huwaumiza pia mwenzi na watoto. Lakini yafaa tujiulize: je, tumnyime mgonjwa dawa mpaka apone? Luther, katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, anazitaja njia ambazo Injili hutusaidia dhidi ya dhambi: neno linalohubiriwa, Ubatizo, Sakramenti ya Altare na mamlaka ya funguo, kisha anaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao. Kwa hiyo kumtembelea mfiwa ni sehemu ya huduma ya Injili yenyewe. Rafiki za Ayubu waliianza vema kazi hiyo walipoketi naye siku 7 bila kunena neno (Ayubu 2:13). Waliiharibu walipoanza kumtafutia kosa.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, wazee wa kanisa waandike jina la kila mfiwa na kupanga zamu za kumtembelea baada ya mwezi 1, miezi 3, miezi 6 na mwaka unapotimia. Mchungaji mwenye mitaa kadhaa hawezi kuifanya kazi hii peke yake; jumuiya za nyumba kwa nyumba zaweza.

Pili, mgeni aulize habari za usingizi, chakula na kinywaji bila kushtaki, na atakayoambiwa kwa siri yabaki siri.

Tatu, mraibu asishurutishwe kuapa mbele ya usharika kwamba anaacha pombe siku hiyo hiyo. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla aweza kutetemeka, kuweweseka na kupatwa na mishtuko kama ya kifafa, hata kufa. Apelekwe kwanza hospitali. Maombi na matibabu havipingani.

Nne, walioacha pombe wapewe chumba na siku ya kukutana. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, baada ya Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili waliosumbuliwa na ulevi, kuona kwamba walisaidika kwa kuzungumza wao kwa wao.

Mtume Paulo anatuagiza kuchukuliana mizigo (Wagalatia 6:2). Mzigo wa mfiwa hauzikwi pamoja na marehemu. Kilabu cha pombe kitakuwa wazi kwake mwezi wa tatu na wa sita. Hatuna budi kuhakikisha kwamba miezi hiyo mlango wake umebishwa pia na mtu wa usharika.