Nilifuata msosi Rotary, nikakutana na swali la Desemba

Kusema ukweli, nilichofuata ni msosi. Rafiki yangu wa Rotaract alinialika kwa chakula cha mchana cha klabu moja ya Rotary hapa Kisii mjini, nikajua leo ni kuku wa kienyeji na chinsaga bila kutoa hata bob.

Kama hujawahi kuingia mikutano hii, iko hivi: kengele inagongwa, watu wanasalimiana, kisha sajenti anapita akitoza faini. Umechelewa? Mia mbili. Simu imelia? Mia mbili. Umenunua gari na hukusema? Elfu moja. Watu wanatoa huku wakicheka. Klabu hizi zilianzia Chicago mwaka 1905, wakili Paul Harris na wenzake wakikutana kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja, na jina likatoka hapo. Wanawake walifunguliwa mlango rasmi 1989, juzi tu.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa mama kutoka upande wa Nyamira. Yeye na wenzake huwapa hifadhi wasichana wanaotoroka ukeketaji likizo ya Desemba. Alipewa dakika ishirini. Nilidhani ataomba magodoro na unga, na kweli aliomba. Lakini hapo katikati akaweka karatasi yake chini.

Alisema siku hizi huku kwetu anayekata mara nyingi si nyanya mwenye wembe. Ni mhudumu wa afya, ana glavu na sindano ya ganzi, anaitwa nyumbani usiku. Mtoto ana miaka saba, nane. Mzazi analala vizuri kwa sababu "daktari alikuwepo".

Hiyo si porojo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha karibu wanawake 15 kwa kila 100 nchini wamekeketwa. Kisii na Nyamira ni zaidi ya 70. Sheria tunayo tangu 2011: jela isiyopungua miaka 3, au faini isiyopungua Sh200,000, au zote mbili, na cheti cha udaktari hakikuokoi.

Kisha akawatazama waliokaa pale: madaktari, wenye kliniki, wenye maduka ya dawa. Akauliza ni nani kati yao hajawahi kupigiwa simu na jamaa yake Desemba, akiulizia mtu wa "kumsaidia" msichana.

Vijiko vilinyamaza. Mimi nilikodolea macho mfupa wa kuku, maana simu kama hizo nimezisikia zikipigwa nikiwa sebuleni kwetu.

Rais wa klabu alishukuru haraka, akampa mgeni sanamu ya jiwe la Tabaka. Pesa za magodoro zilipatikana kwa dakika tano, na heko kwao, watoto watalala pazuri. Swali halikujibiwa. Kengele ikagongwa, watu wakarudi kazini.

Nikitoka nje niliona daktari mmoja mzee amemsubiri yule mama kando ya gari. Waliongea muda mrefu, na ni yeye aliyekuwa anaongea zaidi.