Nimwagilie Leo au Ningoje? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye maneno ambayo wakulima wa Tanzania huyasikia redioni karibu kila msimu wa wasiwasi: mvua za “wastani hadi chini ya wastani”. Utabiri huo humsaidia mkulima kuamua, kabla ya kutia mbegu, alime ekari ngapi na zao gani. Haumwambii kama leo afungulie mfereji.

Kwa hilo anahitaji utabiri wa siku chache, na hesabu. Maji ya kina cha milimita 1 yakienea ekari nzima ni kama lita 4,000. Siku ya jua kali na upepo, mahindi yanayotoa mbelewele huweza kutumia milimita 6, yaani lita 24,000 kwa ekari. Kompyuta hukadiria matumizi ya siku zijazo kutokana na joto, jua, upepo na unyevu wa hewa uliotabiriwa. Udongo ukiwa na akiba ya siku nne na mvua ya kutosha ikitarajiwa keshokutwa, zamu ya leo apewe jirani.

Lakini akiba hiyo ataijuaje? Twende Kiwere, Iringa, skimu inayonywesha mashamba kwa maji ya Ruaha Mdogo. Katika mradi ulioanza 2013 kwa ushirikiano na watafiti wa Australia, wakulima walipewa kifaa kiitwacho Chameleon. Vipimo vyake hufukiwa vina mbalimbali, na taa hueleza hali: bluu, udongo umelowa; kijani, unyevu unatosha; nyekundu, umekauka. Wengi wakabaini kwamba walikuwa wakimwagilia kupita kiasi, na maji yakiiteremsha mbolea chini ya mizizi. Hebu fikiria: fedha ya mbolea inazama kwa maji yaleyale wanayogombania! Walipunguza zamu, na mavuno yakaongezeka.

Utabiri nao hukosea. Uwezekano wa mvua ukiwa asilimia 60, mara 4 katika kila 10 haitanyesha. Mahindi machanga yatastahimili kungoja siku mbili. Yale ya mbelewele hayangoji. Kiu ya wakati huo huacha magunzi yenye mapengo. Kwa hiyo majirani wawili, wakisikia utabiri mmoja, wanaweza kuamua tofauti na wote wakawa sahihi.

Juma lijalo tutapanda hadi kwenye banio, kuona zamu zinavyopangwa mto unapopungua.