UHAKIKI WA BARABARA KATIKA RAMANI ZA WATU WA KUJITOLEA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kuwa ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wa kujitolea. Kwa hiyo barabara zake hazina budi kuhakikiwa kabla ya kutegemewa kikazi.

Kosa la hatari ni lile lisiloonekana: barabara mbili hugusana machoni, ilhali katika data hazina nukta ya pamoja. Kompyuta huzihesabu kuwa zimekatika, na gari la wagonjwa huzungushwa mbali.

Mhakiki huangalia kwanza maungio, kisha uelekeo, majina na upana. Kichochoro cha Mji Mkongwe kisiandikwe njia ya gari. Picha za angani huonesha mkondo wa barabara, si jina lake. Hilo huulizwa kwa sheha na wenyeji. Kosa likithibitika, yeyote aliyejiandikisha aweza kulisahihisha.