Kompyuta ya mtumba: msomi wa Mpanda akague kabla ya kulipa

WANUNUZI wa kompyuta za mkononi mkoani Katavi sasa wana hesabu mpya ya kupiga. Tangu Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, bei ndogo ya mashine ya mtumba si lazima iwe nafuu.

Wanaoguswa zaidi ni watumishi na wahitimu wanaojiandaa kwa masomo ya juu: shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu Huria au Mzumbe, mitihani ya Bodi ya Wahasibu (NBAA), au mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Dar es Salaam. Wengi hununua mara moja tu, tena kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Mashine ikifa katikati ya tasnifu, makato ya mkopo huendelea.

Jambo la kwanza ni kusoma namba ya prosesa. Kwa Intel, i5-7200U ni kizazi cha saba na i5-8250U ni cha nane. Windows 11 inapokea rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache za cha saba. Ofisi za nje huziondoa mashine za zamani, nazo huishia kwenye soko la mtumba. Kwa macho, hizo mbili hufanana kabisa.

La pili ni kumbukumbu. Kiwango cha chini cha Windows 11 ni GB 4, lakini mwanafunzi anayefungua takwimu, makala kumi na mkutano wa video kwa pamoja asishuke chini ya GB 8. Anayechora ramani za wanyamapori wa Hifadhi ya Katavi atafute GB 16. Na kabla ya kuvutiwa na Macbook aulize chuo kinatumia programu gani: ArcGIS Pro ni ya Windows tu, ingawa QGIS na R hazilipiwi na hufanya kazi kote.

La tatu ni diski. Ya kizamani huzunguka ndani, na mtikisiko wa safari ndefu kutoka Mpanda unaweza kuiharibu ikiwa inafanya kazi. SSD haina kinachozunguka na huwasha mashine haraka zaidi.

La nne ni umeme. Mpanda ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na wakazi wanajua maana ya kukatika. Betri ya Wh 50 iliyobakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake ina Wh 30 tu. Mashine ikila wati 10, hizo ni saa tatu. Mnunuzi anaweza kuiona afya ya betri palepale dukani kwa kuandika amri "powercfg /batteryreport" na kulinganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Kwa fedha ileile, mashine ya ofisi iliyotumika, kama ThinkPad, Latitude au EliteBook ya kizazi cha nane, mara nyingi humfaa msomi kuliko mpya ya bei ya chini yenye GB 4 zilizogandishwa kwenye ubao, zisizoongezeka. Ya ofisi kwa kawaida hufunguka, na betri yake hubadilishwa.

Mwisho ni dhamana. Dhamana ya duka la Kariakoo humsaidia kidogo mtu wa Mpanda ikiwa lazima airudishe mashine Dar es Salaam kwa gharama yake. Nauli na siku za safari ziingizwe kwenye bei kabla ya kulinganisha na duka la jirani. Popote atakaponunua, adai risiti ya EFD na namba ya mashine iandikwe. Bila hivyo, dhamana ni maneno matupu.